Laiki ninazo, kazi sina: nihamie Dar?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Chuno, Mtwara mjini. Nimeajiriwa kwenye duka la steshenari na uchapaji, natengeneza kadi za harusi, mabango, fulana na stika. Natumia CorelDRAW na Photoshop. Instagram nina wafuasi zaidi ya elfu mbili na naposti karibu kila siku, lakini wanaonifuata inboksi wanataka bango la shilingi 5,000, na hao nao wanapungua kwa sababu siku hizi wanajitengenezea kwenye Canva. Rafiki zangu wawili wamehamia Dar es Salaam na wananiambia huku kusini sitaonekana kamwe. Wengine wananishauri nifungue ukurasa Behance, ule mtandao wa wabunifu kuonesha kazi, na niandike kila kitu kwa Kiingereza. Nifanyeje ili nionekane na watu wanaolipa? Na je, nihame?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na asante kwa kuniambatishia kazi zako. Nimezipitia zote.

Nianze na jambo ambalo rafiki zako hawajakuambia: unaonekana. Shida ipo kwenye nani anayekuona. Fungua orodha ya wanaokupa laiki, isome jina kwa jina. Utakuta sehemu kubwa ni madizaina wenzako wa Dar, Mwanza, Arusha hadi Mombasa. Wanakukubali kweli, wanajifunza kwako namna ya kupanga kivuli na mwanga, lakini hakuna hata mmoja atakayekupa oda, maana kazi hiyo anaifanya mwenyewe.

Na ukitazama unachoposti utaelewa kwa nini waliokuja ni wao. Mabango ya mechi, mchezaji anatokea kwenye moshi na cheche za moto. Salamu za Idi, salamu za Pasaka, bango la siku ya kuzaliwa ya msanii ambaye hajawahi kukutuma. Ufundi upo, siupingi. Lakini mwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho kule Newala akiingia kwenye ukurasa wako hakuti kinachomhusu. Hakuti pakiti, hakuti lebo, hakuti dalili kwamba umewahi kukaa na mtu mwenye shida kama yake ukaimaliza. Anatoka, anampigia shemeji yake aliyeko Kariakoo amtafutie mtu.

Katikati ya hayo yote kuna picha moja iliyonisimamisha. Ni lebo ya korosho za kukaanga, pakiti ya gramu 250, ya kikundi cha akina mama wabanguaji. Umeiposti mara moja tu, usiku, na chini yake umeandika "Kazi mpya" na alama mbili za moto. Ikapata laiki chache kuliko mabango ya mpira, ukaiacha izame. Hiyo ndiyo kazi yako bora kuliko zote ulizonitumia.

Nikuoneshe ninachokiona. Lebo nzima ni nyekundu na chungwa, lakini ile alama ya mistari inayosomwa na mashine dukani umeiweka ndani ya kisanduku cheupe, mistari myeusi, na umeacha nafasi tupu kushoto na kulia kwake. Dizaina asiyejua angeipaka nyekundu ili ioane na pakiti. Mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, na mistari myekundu mbele ya mwanga huo inapotea kabisa, kama vile hakuna kilichochapwa. Mzigo unarudishwa, mteja anapata hasara. Ukubwa nao umeuheshimu: kipimo kamili cha alama hiyo ni takriban milimita 37 kwa 26, na hairuhusiwi kuipunguza chini ya asilimia 80 ya hapo. Namba inaanza na 620, ambayo ni ya GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za alama hizo, dalili kwamba kikundi kimesajiliwa na hakikuokota alama mtandaoni. Uzito halisi uko mbele na unasomeka bila miwani. Sehemu ya tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na namba ya toleo umeiacha bila wino wala mng'aro, ili wagonge muhuri wenyewe na usifutike. Umeandika hata daraja la korosho, W320, yaani zile nzima zinazoingia 300 hadi 320 kwenye ratili moja. Mnunuzi wa hoteli anayezijua korosho anaanza kusoma hapo.

Sasa niambie, nani kati ya wafuasi wako elfu mbili amejua kwamba umefikiria yote hayo? Hakuna, kwa sababu hukuyasema. Na hapa ndipo jibu la Canva lilipo. Canva imekuwepo tangu 2013 na kila mwaka inazidi kuwa rahisi. Itampa mteja bango zuri la harusi, tena bure, na bei ya bango la 5,000 haitapanda tena. Lakini haitamkumbusha mama wa kikundi kwamba TBS, shirika la viwango, watamuuliza namba ya toleo, wala haitapanda bodaboda kwenda kuijaribu lebo kwenye mashine ya duka kabla hazijachapwa elfu moja. Anayelipa vizuri analipa kwa ajili ya mtu wa kufikiria hayo kwa niaba yake. Kwa hiyo kuonekana kwako kuanze na kuonesha kufikiri kwako, na rangi zifuate nyuma.

Unafanyaje? Unaandika. Najua madizaina wengi hatupendi kuandika, tunasema picha ijieleze. Picha ya lebo haijielezi. Chini ya kazi ile ungeweka maelezo kama haya (nimeyabuni mimi kwa kukisia, wewe weka yaliyotokea kweli):

"Kikundi hiki kilikuwa kinauza korosho kwenye mifuko ya nailoni isiyo na lebo. Duka moja la mjini lilikubali kuzipokea, kwa sharti la lebo iliyokamilika na alama ya mistari inayosomeka kwenye mashine. Fedha ya kuchapa pakiti nzima haikuwepo, kwa hiyo nikatengeneza stika ya kubandika kwenye pakiti tupu zinazouzwa tayari. Niliacha nafasi ya kugonga tarehe kwa muhuri ili stika zilezile zitumike msimu mzima. Tulichapa chache kwanza, tukazijaribu kwenye mashine ya duka, ndipo tukachapa zilizobaki. Ubunifu ni wangu. Uchapaji umefanyika Mtwara mjini."

Soma tena kwa jicho la mwenye kazi. Mtu mwenye asali, chumvi au sabuni ya mwani, asiye na mtaji wa kuchapa pakiti nzima, atakomea kwenye neno "stika" na kusema: kumbe inawezekana. Mwingine atakomea kwenye "tukazijaribu kwenye mashine ya duka" kwa sababu aliwahi kurudishiwa mzigo. Hakuna aliyejisifu hapo, hakuna "ubunifu wa kiwango cha kimataifa". Kuna shida, kuna kilichokuzuia, kuna ulichoamua na sababu yake, na kuna kilichotokea. Usiongeze asilimia za mauzo kama mteja hakukupa. Ukibuni takwimu, siku moja mwenye kikundi atazisoma.

Ukishaandika, piga picha upya. Zile picha za mfano za kompyuta, pakiti inayoelea hewani na kivuli laini, zinafanya kazi ya mtu wa Mtwara ifanane na ya mtu wa popote. Chukua pakiti halisi yenye korosho ndani, iweke karibu na mlango asubuhi kabla jua halijawa kali, pata moja ya mbele, moja ya karibu sana ya nyuma palipo na maandishi madogo, na moja ikiwa rafuni dukani kati ya bidhaa nyingine. Hiyo ya rafuni ina uzito kuliko zote, kwa sababu inathibitisha kwamba kazi ilichapwa, ikalipiwa na ikauzwa. Na kama rangi iliyochapwa haifanani na ile ya kwenye skrini, lisemee jambo hilo wazi. Kijani cha simu hutengenezwa kwa mwanga, cha karatasi kwa wino, na wino haufiki ule mwako. Dizaina anayemweleza mteja hilo kabla ya kuchapa anaokoa ugomvi mwingi, na maelezo hayo peke yake ni posti nzuri.

Jambo la ruhusa lazima niliseme kwa uzito, kwa kuwa umeajiriwa. Kazi uliyoifanya kwa mshahara wa mtu, kwenye kompyuta yake, kwa mteja aliyeingia mlangoni kwake, ina haki ya mwajiri ndani yake. Kaa na bosi wako, mwombe akuruhusu kuonesha kazi kadhaa ulizozibuni mwenyewe, na jina la duka lake liandikwe kwamba ndilo lililochapa. Wengi wanakubali wakiombwa kwa heshima, maana ni tangazo lao pia. Ila usiutumie ukurasa wako kumvuta mteja wa dukani aje kwako pembeni. Mtwara ni mji mdogo, habari ya namna hiyo inafika sokoni kabla hujafika nyumbani, na hakuna ukurasa utakaoisafisha. Vilevile, kama ulianza na kiolezo ulichokipakua, sema ni kiolezo au usiioneshe kabisa.

Ushauri wangu wa pili ni uchague uso mmoja. Ukurasa wako sasa unasema unafanya kila kitu, na anayefanya kila kitu hakumbukwi kwa lolote. Mimi ningekuwa wewe ningechagua lebo na vifungashio vya wazalishaji wadogo, na sababu ni hapo ulipo. Uko katikati ya korosho za nchi hii. Bodi ya Korosho yenyewe makao yake ni Mtwara. Lindi kuna ufuta. Pwani yote hadi Kilwa kuna chumvi na mwani. Kuna karanga, kuna asali, kuna akina mama wanaokamua mabibo. Wengi wa watu hawa wana bidhaa nzuri ndani ya mfuko mbovu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, inawasaidia wajasiriamali wadogo wa aina hii na kuwatambulisha TBS kwa ajili ya alama ya ubora, na karibu kila anayefika hatua hiyo anagundua kwamba lebo yake haijakamilika. Hapo anahitaji mtu. Dizaina wa Dar hayuko hapo. Wewe upo, tena unakifahamu Kimakonde cha mwenyekiti na unajua msimu unafunguliwa lini.

Kuchagua uso hakumaanishi uache kadi za harusi. Hizo ni chakula, na fedha za korosho zikitoka kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, harusi zinafuatana. Ziondoe tu mbele ya ukurasa. Mahali pake ni kwenye stetasi ya WhatsApp, ambako shangazi na majirani wanaotafuta kadi wapo.

Kwa kuwa nimeitaja WhatsApp, nimalizie hapo kabla ya Behance, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na fedha. Weka WhatsApp Business, jaza orodha ya bidhaa: stika za lebo, lebo pamoja na uchapaji, nembo, kila moja na picha halisi na bei ya kuanzia. Mtu akiona bei ya kuanzia ni 80,000, yule wa 5,000 anajipunguza mwenyewe na huna haja ya kubishana naye. Ukimtumia mteja kazi ya kuidhinisha, itume kama waraka, usiitume kama picha, kwa sababu WhatsApp hubana picha na maandishi madogo ya lebo yanakuwa ukungu. Mteja anaidhinisha asichokisoma, kosa linachapwa. Halafu tengeneza faili moja la PDF lenye kazi sita, si ishirini, kila moja na maelezo yake mafupi, jepesi kiasi cha kufunguka kwa bando la mtu wa Tandahimba. Hilo ndilo jalada lako la kazi. Huku kwetu kazi nyingi hupatikana pale mtu anapomwambia mwenzake "nina namba ya binti mmoja", na namba hiyo ikitumwa pamoja na PDF nzuri, umeshavuka nusu ya safari.

Google ndipo wengi wa madizaina wa mikoani wanapopasahau. Fungua ukurasa wa biashara wa Google, ni bure. Kama huna ofisi, anwani ya nyumbani unaweza kuificha na kutaja maeneo unayohudumia: Mtwara, Mikindani, Masasi, Newala, Lindi, mradi wateja unakutana nao ana kwa ana. Uthibitisho mara nyingi huwa wa kurekodi video fupi inayoonesha vifaa na kazi zako. Kisha kila mteja aliyeridhika mtumie kiungo aandike maoni, kwa Kiswahili, kwa maneno yake. Ofisa wa mradi aliyetoka Dodoma, analala hotelini Shangani na anataka mabango ya semina ya keshokutwa, hataingia Instagram kutafuta. Ataandika Google "dizaina Mtwara" au "kuchapa mabango Mtwara", atawapigia watatu wa juu.

Instagram baki nayo, ila ibadilishe iwe akaunti ya kitaalamu na iwe wazi kwa umma. Tangu 10 Julai 2025 posti za umma za akaunti za aina hiyo zimeanza kuruhusiwa kutokea kwenye matokeo ya Google. Maana yake maneno unayoyaandika chini ya picha sasa yanaweza kukuletea mtu ambaye hata akaunti ya Instagram hana. "Kazi mpya" na moto haviwezi kutafutwa na mtu yeyote. "Lebo ya korosho gramu 250, stika, Mtwara" inatafutwa. Pia punguza kuposti. Kazi moja kwa wiki yenye maelezo kamili inatosha, na muda unaobaki utumie kutafuta wateja kwa miguu.

LinkedIn usiipuuze kwa kudhani ni ya watu wa ofisini Dar. Watu wa gesi ya Mnazi Bay, wa kiwanda cha saruji, wa bandari, wa mashirika yenye miradi kusini, na wale wanaofuatilia mradi wa gesi asilia ya kimiminika unaopangwa Lindi, wapo huko. Hao wananunua mabango ya usalama kazini, ripoti za mwaka, kalenda, vipeperushi vya Kiswahili kwa ajili ya vijiji. Kwenye kichwa cha wasifu wako usijiite mkurugenzi wa ubunifu. Andika unachofanya na mahali ulipo: mbunifu wa lebo, vifungashio na machapisho, Mtwara na Lindi. Anayetafuta mtu wa karibu anaona jina la mahali kwanza.

Behance ifungue, ni nzuri na haina malipo. Kurasa zake zinakaa miaka na zinasomeka kama hadithi ya kazi nzima, jambo ambalo Instagram haliwezi. Weka kazi tatu au nne tu, zilizoelezwa kikamilifu. Lakini usitarajie mtu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akukute huko. Behance ni mahali pa kumtumia kiungo mtu ambaye tayari ameshaulizia: shirika, wakala wa matangazo, mteja wa nje. Dribbble, ambayo huenda nayo wamekutajia, imezoea zaidi watu wanaobuni kurasa za programu na tovuti. Kwa lebo na uchapaji ningeiacha kwa sasa.

Kuhusu Kiingereza, ushauri wa kuandika kila kitu kwa Kiingereza unaupunguza umati wako bila sababu. Mwenye kiwanda Newala anatafuta kwa Kiswahili, na Kiswahili chako ni kizuri. Andika Kiswahili Instagram, WhatsApp na Google. LinkedIn na Behance weka lugha zote mbili, Kiingereza cha sentensi fupi, kisha umpe mwalimu au rafiki anayekijua vizuri akipitie. Mteja wa nje hatakuhukumu kwa sentensi rahisi; atakuhukumu kwa sentensi iliyopambwa ikapinda. Na kumbuka kwamba Kiswahili chenyewe ni ujuzi unaouzika. Mashirika mengi yanachapa vipeperushi vya afya na kilimo vilivyotafsiriwa vibaya na kupangwa vibaya, mistari imekatwa katikati ya neno. Dizaina anayejua kupanga maneno marefu ya Kiswahili ndani ya safu nyembamba, yakasomeka na mzee wa Nanyamba, ni adimu.

Sasa, usijenge nyumba yote kwenye uwanja wa mtu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa hapa nchini. Akaunti za madizaina huibwa kila siku. Weka namba za wateja wako kwenye daftari au jedwali, faili zako kwenye diski ya nje, na ukipata fedha kidogo nunua kikoa chako kinachoishia na .co.tz, hata kama kitakuwa na ukurasa mmoja tu wenye zile kazi sita na namba ya simu. Barua pepe yenye jina la biashara yako humfanya ofisa ununuzi akuchukulie tofauti na yenye jina la utani la sekondari.

Ofisa ununuzi ananipeleka kwenye jambo ambalo vijana wengi hulikimbia, nalo ni makaratasi. Unaweza kuonekana kila mahali, na kazi ya milioni mbili ikakupita kwa sababu huna TIN, namba ya mlipakodi. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inafanyika mtandaoni. Chukua TIN. Kazi za serikali na halmashauri zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni ulioanza 2023, na sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wakiwemo, kupitia vikundi vilivyosajiliwa. Vipeperushi, mabango, shajara na kalenda vyote vimo humo. Ukiwa na wenzako wachache, mmoja mpiga picha, mmoja mchapaji, mna kikundi. Kwenye malipo sitakaa sana: chukua nusu kabla ya kuanza, andika kwenye ujumbe idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei, na usitoe faili la vekta la nembo (lile linalokuzwa bila kuharibika) kabla ya nusu ya pili kuingia.

Turudi kwa Dar. Sitakudanganya kwamba Dar haina faida. George Lilanga, mchoraji na mchongaji, mtoto wa kusini aliyezaliwa 1934, alijulikana duniani baada ya kufanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kwa sababu wanunuzi na wageni walipita pale. Wakati ule macho ya mnunuzi yalikuwa mahali pamoja, ikabidi msanii ayafuate. Leo lebo yako inaweza kuidhinishwa na mtu aliye Dodoma, ikachapwa Kariakoo, ikapanda basi, ikafika Mtwara kesho yake. Ukihamia Dar sasa hivi, ukiwa na mabango ya mechi na bila kazi sita zilizoelezwa, utaingia kwenye foleni ya maelfu wanaofanya hivyohivyo, huku ukilipa kodi ya chumba na nauli ya kila siku, na ule ujuzi wa korosho unaokutofautisha ukiwa umeuacha kilomita zaidi ya mia tano nyuma yako.

Kwa hiyo usihame mwaka huu. Lakini nenda. Panga safari ya siku chache, tembelea wachapaji wa Kariakoo na Mnazi Mmoja, gusa sampuli za stika, uliza kiwango cha chini cha oda na muda wa kusubiri, rudi na bei. Dizaina wa Mtwara anayejua wapi panachapwa nini, na kwa bei gani, anakuwa mlango wa kusini nzima. Na kama baada ya msimu mmoja au miwili kampuni ya Dar itakuita kwa mshahara unaoeleweka kwa sababu imeona kazi zako za vifungashio, hapo nenda, utakuwa umeitwa kwa jina.

Kuna mahali pengine ambapo nakusihi ufike, na pako karibu zaidi: viwanja vya Ngongo, Lindi, wakati wa Nanenane. Siku zile za mwanzo wa Agosti wazalishaji wa kanda ya kusini wanakuwa uwanja mmoja, bidhaa mezani. Usiende na vipeperushi vya kujitangaza. Pita meza kwa meza, nunua pakiti moja hapa, moja pale, geuza nyuma usome. Utakuta lebo isiyo na tarehe, alama ya mistari iliyobanwa hadi ikawa doa, namba ya simu iliyofichwa na mkunjo wa pakiti. Usimkosoe mwenye bidhaa mbele ya wateja wake. Mpongeze kwa korosho zake, uliza anauza wapi na nini kinamkwamisha, mwombe namba. Wiki inayofuata mtumie ujumbe mmoja, na picha ya sehemu moja tu ya lebo yake uliyoirekebisha, ukimweleza kwa nini. Hapo ndipo ile PDF ya kazi sita inapofuata.

Anza na ruhusa ya bosi wako. Ukishaipata, mpigie mwenyekiti wa kile kikundi, muulize pakiti zinauzwa wapi sasa na kama unaweza kupita kuzipiga picha zikiwa rafuni, kisha andika maelezo ya kazi ile upya. Nitumie kabla hujaposti, nitayasoma.